Kusomea Elimu ya Watu Wazima Ukiwa Kwako

Waheshimiwa wahadhiri, wasimamizi wa tasnifu, walimu wa watu wazima mliotoka kaunti mbalimbali, na ninyi wanafunzi wa uzamili ambao kwa ajili yenu tumekutana: itifaki imezingatiwa. Hamjambo.

Nimekuwa nikiwatazama mkiingia ukumbini humu tangu asubuhi. Mtu anaita jina, mwenzake anageuka, kisha wote wawili wanacheka kwa mshangao, kwa kuwa yule waliyemjua kama uso mdogo kwenye kioo cha simu kumbe ni mtu mwenye kimo, sauti na mvi. Mmesoma pamoja mwaka mzima, mmetumiana makala usiku wa manane, mmefarijiana wakati wa misiba, na leo ndiyo mara ya kwanza mnapeana mikono. Wengine mlipanda basi jana kutoka Garissa, wengine mmetoka Kwale na Kakamega, na wengine mmekuja kwa miguu kutoka Makongeni na Jerusalem, mitaa ya hapa hapa Eastlands. Karibuni Nairobi, nanyi wenyeji asanteni kwa kutupokea.

Nimeombwa nizungumzie somo mnaloliingia muhula huu, yaani masuala ya sasa katika elimu ya watu wazima, na hasa namna ya kulisoma mtu akiwa mbali na chuo. Nina jambo moja tu la kusema, na yote nitakayoyataja yanalizunguka hilo. Mwanafunzi wa uzamili anayesoma kwa masafa huwa na mazoea ya kuhesabu alichokikosa: maktaba kubwa, ukumbi wa mihadhara, mhadhiri wa kumfuata ofisini. Katika somo hili hesabu hiyo haijakamilika. Aliyebaki nyumbani amebaki pale pale masuala yenyewe yanapoishi, na asipojifunza kuyatazama hapo, hata maktaba ya dunia nzima ikimiminwa katika simu yake haitamfaa sana.

Nianze na methali. Sote tumelelewa na ile isemayo samaki mkunje angali mbichi. Ni methali nzuri ya malezi, na sina ugomvi nayo inaposemwa juu ya watoto. Lakini nusu yake ya pili, kwamba samaki akishakauka hakunjiki, imewafungia watu wengi mlango wa darasa. Nimeisikia kwa mume aliyemkataza mkewe kuja kisomoni. Nimeisikia kwa mzee wa mtaa aliyeombwa chumba cha kufundishia akaona heri kikodishwe kwa sherehe. Kwa uchungu zaidi nimeisikia kwa wanafunzi wenyewe, siku ile ya kwanza wanaposimama mlangoni na kusema, "Mwalimu, mimi nimeshakauka."

Nchi zetu zimekuwa zikivutana na methali hiyo tangu uhuru. Kenya ilipitisha sheria ya Bodi ya Elimu ya Watu Wazima mwaka 1966. Desemba 1978 Rais Moi alitangaza kampeni ya kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika, na mwaka uliofuata ikaundwa idara maalumu ya elimu ya watu wazima, madarasa ya ngumbaru yakafunguliwa makanisani, misikitini, chini ya miti na katika shule za msingi baada ya watoto kwenda nyumbani. Jirani zetu wa Tanzania walikuwa wametangulia. Mwalimu Nyerere alikwisha kusema mwaka 1964 kwamba lazima watu wazima wasomeshwe kwanza, kwa sababu watoto wangechukua miaka mitano, kumi, hata ishirini kabla ya elimu yao kuzaa matunda katika uchumi, na mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Angalieni jinsi hoja hiyo inavyompa samaki mkavu nafasi ya mbele: yeye ndiye anayelima leo, anayelea leo, anayepiga kura leo.

Kisha moto ukapungua. Mwaka 2006 nchi yetu ilifanya uchunguzi wa kitaifa wa kisomo cha watu wazima, na matokeo yake yangali yanatajwa katika kila pendekezo la utafiti ninalolisoma. Asilimia 38.5 ya watu wazima, yaani watu milioni 7.8, hawakufikia kiwango cha chini kabisa cha kusoma na kuandika. Takwimu hiyo mnaijua. Ninayotaka mwikazie macho ni nyingine, isiyotajwa sana: katika uchunguzi huo huo, waliofikia kiwango kinachotakiwa, kiwango cha kumwezesha mtu kutumia maandishi katika maisha yake, walikuwa asilimia 29.6 tu. Kati ya mistari hiyo miwili wamekaa watu wengi ambao serikali inawahesabu kuwa wanajua kusoma, lakini wakipewa fomu ya hospitali au mkataba wa nyumba hutafuta mtu wa kuwasaidia. Hao ndio majirani zenu. Mwanafunzi wa uzamili anayeishi kwao anawaona kila siku katika foleni ya saiba, yaani duka la kompyuta na mtandao.

Sasa nizungumzie umbali wenyewe, maana ndio hali yenu.

Mnasoma nadharia ya Michael G. Moore kuhusu umbali katika elimu masafa. Wengi wenu mnaisoma kama jambo lililotoka Marekani, na ni kweli kwamba huko ndiko alikoiandika. Lakini kabla ya kwenda huko Moore alifanya kazi ya elimu ya watu wazima hapa Kenya katika miaka ya 1960. Ni miaka ile ile ambayo Chuo Kikuu cha Nairobi, kilipokuwa bado chuo kishiriki, kilianzisha kitengo cha masomo kwa njia ya posta, walimu wa shule za msingi walioko vijijini wakawa wanapokea vitabu kwa posta na kusikiliza vipindi redioni ili wapande daraja. Basi mnapoisoma nadharia hiyo mkiwa Kitui au Kangemi, someni kwa kujiamini, kwa kuwa mazingira kama yenu hayakuwa mageni kwa aliyeiandika.

Anachosema ni kwamba umbali unaoumiza mwanafunzi haupimwi kwa kilomita. Ni ule uwazi wa kutoelewana kati ya mwalimu na mwanafunzi, na hupungua au kuongezeka kwa mambo matatu: mazungumzo yaliyopo kati yao, jinsi somo lilivyopangwa, na kiasi ambacho mwanafunzi anaweza kujiongoza mwenyewe. Mtu anaweza kukaa safu ya mbele ya ukumbi wenye watu mia nne na akawa mbali sana na mhadhiri wake. Mwingine yuko Lodwar, na mwalimu wake anajua jina lake, kazi yake na swali linalomnyima usingizi.

Nilijifunza jambo hilo kwa mwili wangu. Nilisoma shahada yangu ya uzamili kwa masafa nikiwa ninafundisha darasa la jioni la watu wazima na kuishi katika chumba kimoja Kayole. Nilikuwa na hofu ya umeme na hofu ya bando, na hofu hizo zilinisumbua kweli, lakini nilizizoea: nilijua saa ambazo bando ni rahisi, nilijua jirani mwenye taa ya sola. Kilichokaribia kuniondoa masomoni ni kimya. Nilituma sura ya pili ya tasnifu yangu, wiki tisa zikapita bila neno. Katika wiki hizo nilianza kuamini kwamba kazi yangu ni mbaya mno kiasi cha kutostahili hata jibu. Nawaambia wasimamizi mlioko hapa, kwa heshima yote: barua ya mistari miwili, isemayo kwamba umeipokea kazi na utaisoma tarehe fulani, inaweza kumbakiza mwanafunzi chuoni.

Kilichoniokoa ni kikundi. Tulikuwa watano, na kila Jumapili saa tatu usiku tulipigiana simu, si kwa video, maana video inakula bando, bali kwa sauti tu. Kila mmoja alisema alichosoma wiki hiyo na alichoshindwa kukielewa. Baadaye sana ndipo nilisoma habari za Antigonish huko Nova Scotia, Kanada, nikaona kwamba tulikuwa tumepita njia ya zamani. Mapadri wawili, Jimmy Tompkins na Moses Coady, walihimiza wavuvi na wakulima maskini wakutane katika vikundi vidogo vya kusoma, majumbani mwao, wajadili bei ya samaki na jinsi ya kujinasua kwenye madeni, na mwaka 1928 chuo kikuu cha St. Francis Xavier kikaanzisha idara ya kupeleka elimu nje ya kuta zake. Katika vikundi vile vikazaliwa vyama vya ushirika na vya kuweka na kukopa. Mama yeyote wa Nairobi aliye katika chama cha kuchangiana pesa angevielewa vikundi vile bila kuhitaji maelezo. Kwa hiyo ombi langu kwenu ni hili: kabla ya kuondoka leo, kila mmoja awe na wenzake wanne. Msingoje chuo kiwagawe. Chaguaneni wenyewe kwenye chai ya saa nne.

Nije kwenye masuala. Orodha katika mwongozo wenu wa kozi ni ndefu, na sitaipitia yote. Nitakaa kwenye mawili ninayoyajua kwa karibu, mengine niyaguse tu.

La kwanza ni swali linaloonekana kama limekwisha kujibiwa: kujua kusoma ni nini?

Katika darasa langu alikuwapo mama mmoja aliyeuza mitumba Gikomba kwa zaidi ya miaka ishirini. Alikuwa na hesabu ya kichwani ambayo mimi sina. Ungemwambia bei ya mtumba mzima na idadi ya nguo zilizochanika, akakwambia papo hapo auze kila moja kwa kiasi gani asipate hasara. Hakuja darasani kwa sababu ya vitabu. Alikuja kwa sababu ya simu. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, biashara yake yote ilikuwa imehamia polepole kwenye maandishi madogo asiyoweza kuyasoma, na kila alipotaka kutuma pesa alimpa kijana wa kibanda cha jirani simu yake pamoja na namba yake ya siri. Aliniambia, "Mwalimu, nimefanya kazi miaka yote hii, na mtu anayejua nilicho nacho ni mtoto wa wenyewe."

Kitabu cha kisomo tulichokuwa tumepewa kilianza na picha ya jembe na ng'ombe. Nilikiweka kando. Nilikuwa nimesoma habari za Paulo Freire, mwalimu wa watu wazima wa Brazil, na kazi yake ya mwaka 1963 huko Angicos, Brazil, ambako wafanyakazi wapatao 300 walifundishwa kusoma katika muda wa siku 45 kwa kuanza na maneno ya maisha yao wenyewe na kuyajadili maneno hayo kabla ya kuyachambua silabi. Nikawauliza wanafunzi wangu wanipe maneno yao. Wakanipa deni, mtumba, kamera, stoo, kanjo. Kamera, kwa wageni, ni nguo ya daraja la kwanza katika mtumba, na kanjo ni askari wa jiji wanaowafukuza wachuuzi. Tulikaa na neno kanjo siku mbili nzima. Tuliandika ka, nja, njo, lakini kwanza tuliongea: kwa nini wanakuja, sheria inasema nini, risiti ya ushuru inaandikwaje, na ni nani anayejua kuisoma. Yule mama alijua kusoma ujumbe wa simu yake katika mwezi wa tatu. Siku alipotuma pesa peke yake kwa mara ya kwanza, alibadilisha namba ya siri hapo hapo darasani, akaligeuzia mgongo darasa zima ili tusiione.

Ninawasimulia haya kwa sababu mnasoma katika kozi yenu makala nyingi juu ya pengo la kidijitali, na karibu zote zinazungumzia vifaa na mtandao. Pengo nililoliona mimi lilikuwa na simu na lilikuwa na mtandao. Lilikosa faragha. Huduma za serikali nazo zimehamia eCitizen, tovuti ya serikali, na mtu asiyeweza kujaza fomu huketi kando ya kijana wa saiba na kumtajia kwa sauti namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, jina la mume aliyefariki. Zamani tulisomewa barua na mtoto wa jirani, lakini barua ilikuja mara moja kwa mwezi. Sasa maandishi yanakuja kila saa, na miongoni mwayo yamo ya matapeli wanaoiga ujumbe wa kupokea pesa. Mtafiti aliye hapa Eastlands, au Kisumu, au Isiolo, anaweza kukaa nje ya saiba moja kwa wiki mbili, kwa idhini ya mwenye duka na ya wateja, na kuandika ni maandishi gani hasa watu wazima wanalazimika kuyasoma katika maisha ya leo. Kwa ajili ya kazi hiyo hahitaji nauli ya kwenda popote.

Suala la pili ni lugha, na hapa nitasema kwa mkazo.

Si mbali na hapa, Limuru, palikuwa na kituo cha Kamĩrĩĩthũ. Wengi wanakikumbuka kwa mchezo wa kuigiza uliopigwa marufuku mwaka 1977, na kwa kukamatwa kwa mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o mwisho wa mwaka huo. Wachache wanakumbuka kwamba kazi ya pale ilianza na darasa la watu wazima. Wakulima na vibarua wa kiwanda na mashamba walijifunza kusoma na kuandika kwa Kigĩkũyũ, mwenzake Ngũgĩ wa Mĩriĩ akiwa mstari wa mbele katika kazi hiyo, na ni baada ya kupata herufi ndipo ulipokuja mchezo ambao wanakijiji wenyewe waliuigiza, wakaurekebisha na kuupa nyimbo zao. Kituo chenyewe kilibomolewa mwaka 1982. Kila mwanafunzi wa elimu ya watu wazima nchini anapaswa kujua kisa hicho, maana kinaonyesha kinachoweza kutokea darasa la kisomo linapozungumza lugha ya wanaosoma.

Sasa tujiangalie. Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 7, imefanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Ninyi mnahoji watu kwa Kiswahili, au Kikamba, au Kisomali, kisha mnaandika tasnifu kwa Kiingereza. Sina nguvu ya kubadili kanuni za vyuo leo. Lakini nataka mwone kinachopotea njiani, na nitatumia neno moja tu: kusoma. Kwa Kiswahili, kusoma ni kutambua maandishi, na kusoma ni kwenda shule. Mzee akikwambia "sikusoma," hajakwambia kwamba hajui herufi. Huenda amekwambia kwamba hakuwahi kuingia darasani, ilhali anasoma Kurani kila alfajiri au amejifunza kusoma gazeti kwa kulitazama dukani. Mtafiti mwenye haraka ataandika kwa Kiingereza kwamba mzee huyu hawezi kusoma, takwimu itapanda kwa mtu mmoja, na mzee atakuwa amedhulumiwa na sarufi. Hilo ni kosa nililolifanya mimi mwenyewe katika mahojiano yangu ya kwanza, nikalisahihisha baada ya mzee mmoja kuchukua daftari langu na kunisomea mwandiko wangu.

Kwa hiyo andikeni maneno ya wahojiwa jinsi yalivyotamkwa, muyabakishe katika tasnifu kwa lugha yake, ndipo mfasiri. Na mkimaliza, andikeni muhtasari wa kurasa nne au tano kwa lugha ya darasa mlilolitafiti, muupeleke pale, muusome kwa sauti. Mimi nilifanya hivyo na darasa langu likanisahihisha katika mambo mawili makubwa. Laiti ningeufanya usomaji huo kabla ya kuwasilisha kazi.

Mengine niyapitie kwa haraka. Kuna suala la ujuzi usio na cheti. Fundi wa jua kali aliyechomelea vyuma kwa miaka kumi na mitano anaweza kufanya mtihani wa serikali wa ufundi, ule tunaouita gredi, na tangu sheria ya mfumo wa sifa za kitaifa ya mwaka 2014 kumekuwa na mjadala mpana zaidi wa kutambua ujuzi ambao mtu ameupata kazini. Ni eneo lenye rutuba kwa tasnifu, hasa mkiuliza ni nini kinachomzuia fundi mwenye mikono mizuri kuikabili karatasi ya maswali. Kuna suala la mtaala: watu wazima wengi walijipima kwa KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ambao ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na mtaala mpya ulioanza mwaka 2017 ulibuniwa kwa kuwazia watoto. Kuna suala la wanaume, ambao katika madarasa mengi niliyoyaona ni wachache kuliko wanawake, na aibu ndiyo jibu la kwanza tunalolitoa bila kuwauliza wenyewe. Na kuna suala la walimu. Wengi wa wanaofundisha ngumbaru ni wa muda, wanalipwa posho ndogo inayochelewa, au hawalipwi kabisa. Baadhi yenu ni walimu hao hao, mnajilipia karo ya uzamili kwa kuuza mayai. Mkiandika juu ya hali hiyo, andikeni bila kuona haya.

Nirudi kwenye nadharia kidogo, maana ni nusu ya kozi yenu. Malcolm Knowles aliwafundisha walimu wengi, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, kwamba mtu mzima hujiongoza mwenyewe na hapendi kutendewa kama mtoto wa shule. Jack Mezirow aliwachunguza wanawake wa Marekani waliorudi vyuoni baada ya miaka mingi, na mwaka 1978 akaanza kueleza jinsi elimu inavyoweza kupindua mtazamo wa mtu juu ya maisha yake. Ni mawazo mazito na nimefaidika nayo. Lakini nilipoingia darasani kwangu na kupanga viti kwa mduara, kama nilivyosoma, wanafunzi walivirudisha katika safu. Walitaka ubao. Walitaka kuitwa majina kwenye rejista na kujibu "hapa, mwalimu." Nilidhani ni woga, hadi nilipomkumbuka Mzee Kimani Maruge, aliyejiunga na darasa la kwanza Eldoret Januari 2004 akiwa na umri wa miaka 84, mwaka mmoja baada ya karo za shule za msingi kufutwa, akitaka miongoni mwa mengine kujisomea Biblia yake. Alikwenda shuleni na kaptura na soksi ndefu kama wanafunzi wenzake. Mwaka uliofuata alisafiri hadi New York kuzungumza juu ya elimu katika Umoja wa Mataifa. Sare ile haikumshusha hadhi. Ilikuwa ni haki aliyocheleweshewa, naye aliidai nzima, pamoja na soksi zake. Wanafunzi wangu nao waliidai shule waliyonyimwa kabla ya kuniruhusu niibadilishe, na walikuwa na haki. Viti vilirudi kwenye mduara muhula wa pili, kwa ombi lao.

Hapo ndipo mnapoweza kuchangia kitu ambacho chuo cha mbali hakiwezi kukipata bila ninyi. Pimeni kila nadharia kwa darasa moja mnalolijua kwa majina. Ikisimama, semeni imesimama. Ikiyumba, elezeni imeyumbia wapi.

Nina onyo moja, na ninalitoa kwa upendo. Ninyi ni wanafunzi watu wazima, mnajua uchovu wa kusoma baada ya kazi, mnajua mtoto anayelia karibu na daftari. Mtavutwa kusema kwamba kwa hiyo mnamjua mwanafunzi wa ngumbaru. Mnamjua kwa sehemu. Ninyi mlipata shule mkiwa wadogo, mkirudi darasani mnarudi mahali mlipowahi kushinda. Yeye anaingia mahali alipowahi kufukuzwa kwa karo, au asipowahi kuruhusiwa kufika. Muulizeni kabla ya kumrekodi. Mkimwahidi kurudi, rudini. Yule mama wa Gikomba alinikubalia nisimulie habari zake kwa sharti kwamba nisitaje jina lake wala kibanda chake, na sharti hilo nimelitunza katika kila hotuba niliyoitoa.

Mchana wa leo hatutakuwa na mhadhara mwingine. Saa kumi alasiri, katika chumba kilicho upande wa pili wa ua huu, darasa la watu wazima la mtaa huu litakutana kama linavyokutana kila siku, na mwalimu wao, baada ya kuwauliza, ametukubalia tuketi kwenye mabenchi ya nyuma. Wanafunzi wamesema hawataki kupigwa picha, kwa hiyo simu zetu tutaziacha hapa mezani. Wamesema pia kwamba leo wanasoma kuandika barua ya malalamiko kwa kaunti juu ya maji, na kama yuko kati yetu anayejua barua kama hiyo huelekezwa kwa ofisi gani, awe tayari kuulizwa.